Pazia la kamba lilivyotaka kuninyang'anya binti katikati ya maombi

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi niko Likasi, Kongo, kwa hiyo mkikivumilia Kiswahili changu nitashukuru.

Haya yalitokea sebuleni kwangu. Mashahidi ni kumi na wawili, na wote wameokoka, kwa hiyo sina nafasi ya kudanganya.

Kwanza nikiri, mimi ni mtu wa kupenda sifa.

Mke wangu alikuwa amechoka kufua mapazia kila wiki kwa sababu ya vumbi la barabara. Nikaenda Lubumbashi, nikarudi na yale ya vipande vya plastiki. Unavuta kamba yanapanda, unaachia yanashuka. Sisi tunayaita "stores". Mtaani kwetu ni mimi peke yangu niliyekuwa nayo.

Kamba yake ni ndefu na mwisho wake umefungwa kitanzi. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Kapolowe, aliiona siku ya kwanza tu.

"Baba Merveille, hii kamba iko murefu sana. Mutoto atajifunga."

Nikamjibu kwa heshima, "Mama, hii ni ya kisasa, njo vile inakuwaka," yaani ndivyo ilivyo.

Basi, Alhamisi saa kumi jioni ikawa zamu yangu kupokea kikundi cha maombi. Niliisubiri kwa hamu, si kwa ajili ya maombi tu, nilitaka waone dirisha. Ili viti vitoshe, nikasukuma kochi hadi chini ya dirisha hilo.

Hapo nilikuwa nimemjengea Merveille ngazi. Merveille ni binti yangu wa miaka miwili, anapanda kila kitu isipokuwa kitanda chake.

Tukaanza. Kwetu watu husali wote kwa pamoja, kila mtu na maneno yake, macho yamefungwa. Sauti yangu ndiyo huwa kubwa kuliko zote.

Mara nikasikia krrr. Nikafungua jicho moja. Pazia linapanda. Linashuka. Linapanda tena, na hakuna mtu karibu.

Kiongozi wetu naye akaliona. Akanyoosha mkono.

"Pepo, toka mu hii nyumba."

Wote tukageukia dirisha na kuongeza sauti. Pazia likazidi kuruka, nasi tukaona pepo anaungua. Siwafichi, nilijisikia vizuri, nikaona nyumba yangu imepata heshima ya kushambuliwa.

Mama mkwe huwa hafungi macho akisali, anasema lazima mtu achunge jiko. Ndiye aliyeona vidole vya miguu chini ya pazia. Akapita katikati yetu, kiongozi akala kiwiko.

"Hapana pepo, ni mutoto. Mumutoe kwanza, njo mutasali."

Merveille alikuwa kwenye ukingo wa dirisha, nyuma ya pazia, kitanzi kiko shingoni. Kila akijivuta ajitoe, kinakaza na pazia linapanda. Midomo ilishaanza kubadilika rangi. Mama mkwe akamwinua, kamba ikalegea, akaivua. Mtoto akakohoa, akalia.

Kiongozi akauliza kama tuendelee. Mama mkwe akaenda kuchukua viatu vyake, ampeleke mtoto akapimwe.

Kituo cha afya walisema mtoto yuko salama. Siku hiyohiyo nilikata vitanzi vyote kwa kisu cha jikoni. Pazia moja limekwama nusu, sasa wapita njia wanajua tunakula nini.

Wakuu, kabla ya kukomenti inuka ukaangalie dirisha lako. Kitanzi kikate, kamba ifunge juu mtoto asipofika, na kochi lisikae chini yake. Mwenye njia bora anifundishe hapa. Wa kunicheka mnicheke, nimestahili.

Ila kuna kitu bado kinanichoma. Siku zote nilijua mtoto akipata shida atalia, nami nitasikia. Merveille hakulia, maana mwenye kamba shingoni hana sauti. Alikuwa anatuita kwa lile pazia, na baba yake alikuwa anamkemea.