Siku Nilipoona Haya Kuonja Mchuzi

Katika Ramadhani zote nilizojaaliwa kuzifikia, mwanangu, iko moja ninayoikumbuka kwa siku moja tu. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimeshaposwa lakini sijaolewa, na nilidhani haya ni pambo la msichana, kila ikizidi ndiyo uzuri. Siku hiyo haya yangu nusura imvunjie heshima mwanamke aliyemwokoa baba yangu na mauti. Kaa vizuri nikusimulie, na chai yako usiiache ikapoa.

Baba, Mungu amrehemu, alikuwa baharia, mpishi wa melini. Kabla ya vita vya pili vya dunia alishikwa na homa kali, meli ikamshusha katika kisiwa cha Sisilia, nchi ya Wataliana, ikenda zake. Mwanamke mmoja mwenye mkahawa mbele ya stesheni ya gari la moshi ndiye aliyemchukua. Jina lake tulilijua kwa matamshi ya Baba: Bi Rozalia. Yeye na mumewe na watoto wao walimlaza chumba cha nyuma ya jiko, wakamuuguza miezi miwili. Alipopata nguvu akakaa nao mwaka mzima, akimenya mabiringanya na kujifunza mapishi yao.

Aliporudi Unguja akasema atafungua mkahawa kama ule ule, na lazima uwe penye stesheni. Sasa Unguja hii stesheni utaipata wapi? Akaenda Bububu, ambako gari la moshi la kutoka mjini lilikuwa likiishia zamani. Reli zilikuwa zimeshang'olewa, gari limebaki hadithi. Wengine husema hata jina la Bububu limetokana na mlio wake, wengine husema ni maji ya chemchemi. Mimi katika ugomvi huo simo. Baba alitosheka kwamba stesheni iliwahi kuwa pale.

Mkahawa ulikuwa wetu sote: Baba kwenye moto, Mama kwenye mchuzi, mimi kwenye tambi na vyombo. Na tambi ndizo zilizokuwa mtihani. Wewe unajua sisi tambi twazila tamu, kwa sukari na iliki. Baba alizipika za chumvi, kwa dagaa, zabibu kavu na chenga za mkate wa kukaanga, kama alivyofunzwa. Watu wa Bububu walikunywa kahawa yetu, wakala maandazi yetu, lakini sahani ile hawakuigusa. "Tambi na samaki! Huyu bahari imemtoa akili," walisema, tena mbele yake. Yeye alicheka, lakini mimi mwanawe nilijua kuwa ilimuuma.

Mwaka huo, kabla ya mwezi kuandama, baharia mwenzake akamletea habari kuwa Bi Rozalia amefariki. Siku ya tatu Baba akatwambia, "Khitma siwezi kumsomea, dini yake si yetu. Lakini chakula chake nnaweza kukipika. N'tawafuturisha watu wa hapa, wajue kuwa duniani alikuwako mtu kama yeye."

Sasa nikueleze desturi ya jiko letu. Masheikh wanasema mpishi aliyefunga anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi akatema, lakini Mama alikuwa mtu wa wasiwasi, hakukubali. Kwa hiyo kila Ramadhani alitundika upawa mmoja nyuma ya mlango. Mwanamke yeyote wa nyumbani mwenye udhuru wa mwezi, asiyefunga siku hiyo, huuchukua akaonja vyungu vyote. Haulizwi, hatazamwi, na Baba akiingia hugeuza uso. Mambo yalikwenda hivyo miaka yote na chakula chetu hakikuharibika hata siku moja.

Siku ya futari hiyo mwenye udhuru nilikuwa mimi. Na siku hiyo hiyo alikuja kutusaidia Bi Asha, shangazi wa mchumba wangu, mwanamke mkubwa wa kimo na wa sauti, akakaa juu ya mbuzi anakuna nazi ya uji, uso kauelekeza mlangoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanitazama juu mpaka chini kama watazamavyo wakwe. Nikautazama upawa. Nikasema moyoni, huyu akiniona nauchukua, atajua hali yangu, na ataipeleka kwao. Nikaupita.

Mama akautazama naye, akaona hakuna aliyeuchukua, akasema, "Haya, leo hatuna ulimi. Tutapika kwa kunusa."

Na siku hiyo ndiyo dagaa wabichi hawakupatikana. Baba alikwenda soko la samaki la Malindi, kule mjini, asubuhi akarudi na dagaa wa chumvi. Aliwaroweka, lakini mawazo yake yalikuwa kwa marehemu, sidhani aliwabadilisha maji. Mama akatia chumvi mchuzini kama ada yake. Mimi nikatia kwenye maji ya tambi kama ada yangu. Wakati mmoja nilichovya kidole mchuzini, nikakiinua, na Bi Asha akageuka. Nikakifuta kwenye kanga. Mwanangu, kidole kile nakijutia mpaka leo.

Adhana ikatoka. Wanaume walikuwa mikekani nje, wakafungua kwa tende na maji, wakasali Magharibi, kisha masinia yakatoka. Baba akasimama akawasimulia habari za homa yake na za Bi Rozalia. Aliyetangulia kutia mkono alikuwa Mzee Makame, ambaye ujanani alikuwa mtia makaa wa gari la moshi lile la Bububu, na akiheshimiwa na wote. Akala tonge moja. Akashika kikombe cha maji, akakimaliza. Mwingine naye akashika maji. Mimi nilikuwa nachungulia dirishani.

Nikamsikia mtu akimnong'oneza jirani yake, "Kumbe ndicho alichokuwa akilishwa huko, maskini. Mama yule alikuwa akimpa maji ya bahari."

Baba alikuwa bado hajala. Akaonja. Akakiweka kijiko chini, na uso wake sikupata kuuona vile kabla ya hapo wala baada yake. Watu hawakumlaumu yeye, mwanangu, walimlaumu marehemu. Mwanamke aliyekufa mbali, asiye na wa kumsemea pale isipokuwa sisi, alikuwa anapata jina baya kwa chumvi yangu.

Nikarudi jikoni nikilia, nikamwambia Mama, na Bi Asha anasikia: "Mama, mie sikufunga leo. Ningeweza kuonja. Niliona haya."

Mama akashika kichwa. Bi Asha akaacha kazi yake, akanikazia macho. Nikasema moyoni, basi, posa imevunjika. Akasema, "Ulimwonea haya nani, mimi? Mie nimezaa saba. Unadhani waliteremshwa kwa kamba? Mficha uchi hazai, mwanangu! Tambi nyengine zipo?"

"Naam, zipo."

"Zichemshe bila chumvi. Na masinia yale yarudi."

Akatoka mpaka mlangoni akapaza sauti bila kupepesa: "Jamani, tustahamilieni! Chumvi ile ni ya jikoni kwetu, marehemu hana kosa. Kuleni uji kwanza!" Wanaume wakacheka, na nje pakachangamka. Akarudi akakamua nazi iliyobaki, akauchanganya mchuzi na tui zito na tambi mpya, akanitia upawa mkononi mwenyewe. Nikaonja mbele yake. Nikaonja tena. Sikuwahi kuonja kitu kizuri kama kile.

Bi Rozalia hakujua tui, na Baba angeweza kukasirika kuwa si chakula chake tena. Lakini alipokula alifumba macho akatikisa kichwa polepole. Mzee Makame alikula mpaka akafuta sinia kwa vidole, kisha akainua mikono akasema, "Mama huyo Mungu amlipe wema wake kwa anavyojua Yeye." Watu wote wakaitikia amin. Hapo Baba alilia waziwazi, na hakuna aliyemcheka. Tangu siku hiyo tambi za dagaa na tui zililiwa Bububu kama zimezaliwa huko.

Asubuhi yake Baba aliniita. Nilijua nitagombezwa. Akasema, "Zuwena, sikuwa na nguvu ya kwenda hata chooni. Bi Rozalia alinifua nguo, akanisafisha matapishi na mengine nisiyoweza kukutajia, mimi mwanamme mgeni, wala lugha yangu haijui. Lau angeona haya, ningekufa, na wewe usingezaliwa."

Basi. Akaondoka kwenda sokoni. Niliolewa Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani hiyo, na Bi Asha alinishika mkono siku zote alizoishi, nami simsahau katika dua zangu, wala yule wa mbali nisiyemwona.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Haya ni nzuri, iweke. Inatukinga na mabaya. Lakini inapokuzuia kufanya linalopasa, au kusema kosa lako kabla halijamwangukia mwengine, hiyo si haya tena, ni woga uliovaa kanga nzuri. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sema mapema, na ukichelewa sema vivyo hivyo. Na mtu aliyekutendea wema mtaje kwa watu, hasa akiwa hayupo, maana heshima yake imebaki mdomoni mwako.

Mungu akufunulie kinywa panapotakiwa neno lako. Akujaalie wakwe wenye moyo wa Bi Asha. Na siku utakayolala ugonjwani mbali na kwenu, Mungu akupe mtu asiyeona haya kukuuguza. Amin.