Mke wa Mwanangu Alinitoa Ziwani, Sasa Hatuwezi Kutazamana

Msimamizi wa ukurasa, jina langu libaki kwako. Nina umri wa miaka sabini na minne, nilikuwa mwalimu wa jiografia, na mke wangu alishafariki. Zamani nilikuwa na shamba upande wa Bonde la Ufa. Lilichomwa wakati wa fujo za uchaguzi, nikarudi Nyamira na redio, vitabu vichache na mwanangu mmoja. Ardhi ya baba yangu ilikuwa imekwisha kugawanywa, nami sikudai. Mwanangu alipopata kazi alinunua ploti karibu na Ikonge, akajenga nyumba yake, na kando yake akanijengea chumba chenye veranda. Kwetu baba ndiye humpa mwana mahali pa kujenga. Mimi nilipewa na mwana. Sina pengine.

Wasiotoka Kisii huenda hawajui neno chinsoni. Ni mipaka ya heshima na aibu kati ya mzazi na mtoto wake, na zaidi kati ya baba na mke wa mwanawe. Sijawahi kuingia nyumba yao. Hatupeani mikono. Na hakuna anayepaswa kumwona mwenzake akiwa bila nguo, hata kwa bahati mbaya; wazee husema mipaka hiyo ikivunjwa, watoto wa nyumba huugua.

Ndani ya mipaka hiyo tuliishi vizuri mno. Mke wa mwanangu, nitamwita Mama Moraa, aliweka chakula changu kwenye stuli ya veranda kisha akarudi jikoni. Mimi nilifungua gazeti nikamsomea kwa sauti, ukuta ukiwa kati yetu, yeye akichagua maharagwe na kuniita Tata, yaani baba.

"Tata, huyo mbunge amesema hivyo kweli, ama unamwongezea?"

"Sijaongeza hata nukta."

"Basi ngoja kwanza nicheke."

Tangu nifiwe, sikuwa na mazungumzo mengine ya kunipa furaha.

Mwezi wa Agosti watoto walikwenda kwa nyanya yao. Mwanangu akaniambia, "Mzee, umefundisha watu ghuba na rasi kwa ramani ya ukutani miaka yote hiyo. Twende ukazione."

Tulishuka kwa gari lake kupitia Kisii na Oyugis mpaka Kendu Bay, kisha tukafuata ukingo wa ziwa kuelekea Homa Bay na Mbita. Mimi nilikaa mbele, Mama Moraa nyuma, kama inavyostahili. Sikuwa nimejua kwamba rasi haionekani yote kwa mara moja. Hujitokeza kidogo kidogo nyuma ya kona, halafu unageuka na imekwisha jificha. Visiwa vilikuwa na rangi ya majivu, jua lilipopanda vikawa vya buluu. Katika ghuba moja gugumaji lilikuwa limetanda, kijani kibichi, hata nikasema linafanana na majani chai.

"Tata, hapo usipeleke kikapu," Mama Moraa akasema kutoka nyuma. "Hiyo haina bonasi ya kiwanda cha chai."

Tulicheka sote watatu. Sikumbuki kama tumecheka pamoja tena.

Karibu na Mbita tulisimama tule. Mwanangu alikwenda vibandani kuchagua samaki. Nilivua viatu nikapanda jiwe bapa ili nimtazame mnandi akianika mabawa yake. Mwanamke aliyekuwa akipara samaki, ambaye alikwisha tambua lafudhi yetu, akaniita: "Mzee wa Kisii, hilo jiwe lina utelezi! Huku hakuna mgomba wa kushika!" Niligeuka nimjibu, nikaanguka.

Sijui kuogelea. Nakumbuka maji puani, na mkono uliokamata ukosi wa shati langu. Nilipopata fahamu nilikuwa mchangani, natetemeka, nguo zangu zilizolowa zimevuliwa ziko kando, na Mama Moraa akinisugua kifua kwa leso yake huku akilia, "Pumua, Tata! Pumua!" Sikuwa na kitu mwilini. Macho yetu yakakutana, nikaona ameelewa yale niliyoelewa mimi. Alinifunika kwa leso, akanipa mgongo, akakaa akitazama ziwa, maji yakimtiririka.

Yule mwanamke akasema, "Mzee, Mungu amekupa binti." Hakuna aliyemsahihisha.

Tangu siku ile chakula huja kwa wakati, lakini sauti haiji. Nikisoma gazeti, ukuta haujibu. Nimejaribu hata habari za yule mbunge. Nilisikia sufuria ikifunikwa na mlango ukifungwa.

Kaka yangu mkubwa alipopata habari akasema mbuzi achinjwe, wazee watutakase, yaishe. Lakini Mama Moraa ni shemasi katika kanisa letu la Kiadventista, na huko mambo hayo hayakubaliwi. Tena asimamishwe mbele ya wazee atakaswe, kana kwamba alitenda uchafu? Mwanangu alikuwa akinicheka. "Mzee, wewe ni msomi. Ulitaka akuache ufe na suruali?"

Wiki iliyopita hakucheka. Alisimama chini ya veranda akasema, "Baba, Mama Moraa anataka tuhamie Suneka. Kila akikupikia anakumbuka. Anaogopa mtoto akiugua atajilaumu."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi niko katikati. Wewe utabaki hapa, tutakutafutia mtu wa kupika."

Boma langu la kwanza lilivunjwa na watu walionichukia, na nilijua la kufanya: nilikimbia. Hili linavunjika kwa sababu mtu alinihurumia, na sijui hata nikimbie nini.

Najua wengi mtaandika, "Mwambie asante tu, mzee." Kila asubuhi neno hilo hufika kooni likarudi. Kumshukuru ni kulitaja lile jiwe, ile leso, na jinsi nilivyokuwa. Ni kumrudisha palepale anapopakimbia. Nikinyamaza, ataondoka akidhani namlaumu.

Watahama shule zikifungwa. Akina mama mlioolewa kwetu, na ninyi wazee wenzangu mlio na wakwe, nisaidieni. Kesho asubuhi ataweka sinia kwenye stuli. Nimwambie nini kabla hajageuka?