Alama ya Soila Kwenye Mitaro ya Korogwe

Kila Alhamisi, siku ya gulio, Stefania alishuka mtoni na kikapu cha mapeasi yaliyotoka kwao Lutindi, au karoti ikiwa mapeasi yamekwisha msimu, akaketi juu ya jiwe pana lililo ukingoni na kutazama ng'ambo. Ng'ambo ndiko ilikoanzia njia ya Handeni, na njia hiyo ndiyo aliyokuwa akijia Soila. Jua lilipofika utosini, Stefania alisimama, akakung'uta kitenge chake, akarudi mjini na kikapu kikiwa kimejaa vilevile. Majirani waliokutana naye walikwisha kuacha kumwuliza anamngoja nani.

Wawili hao walijuana kwa sababu ya mbuzi. Stefania alikuwa kibarua wa ofisi ya mji, kazi yake kuzibua mitaro ya maji ya mvua, na siku moja ya kiangazi alisikia mlio ndani ya karavati, bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Aliingia kwa kutambaa, tope likimfika kifuani, akamtoa mbuzi jike mwenye hofu. Juu ya mtaro alimkuta mwanamke wa Kimasai amesimama, shanga shingoni, fimbo mkononi. Huyo ndiye Soila. Ng'ombe wa familia yake walikuwa wamevuka nyika kavu ya Handeni kuja kunywa mtoni. Hakusema asante. Alimshika mbuzi kwa sikio, akamkabidhi Stefania, akasema, "Kuanzia leo wewe ni Pakine."

Kwa desturi ya Wamasai, watu waliopeana mnyama hawaitani tena kwa majina yao. Waliopeana mbuzi huitana Pakine, na jina hilo ni lao wawili tu. Mjini Korogwe Stefania alikuwa mama kwa wengine, shangazi kwa wengine, na katika karatasi za ofisi alikuwa namba. Pakine alikuwa kwa mtu mmoja duniani. Kwa miaka kumi na mitano, kila kiangazi, mtu huyo alikuja na ng'ombe wake, wakaketi juu ya jiwe lile, mmoja akila mapeasi ya milimani, mwingine akinywa maziwa ya kibuyu, wakisengenya waume zao mpaka machozi ya kicheko yakawatoka.

Kisha likaja soko huria. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, maana walikuwa wamechoka kupanga foleni kwa ajili ya mche wa sabuni. Mabasi ya watu binafsi yakaongezeka barabarani, gereji zikaota kandokando ya mitaro kama uyoga baada ya mvua, na kila gereji ikawa na oili chafu ya kutupa. Ruksa ya kuuza ilitangazwa. Ruksa ya kumwaga oili katika maji wanayokunywa watu na mifugo haikutangazwa na yeyote. Watu waliichukua wenyewe, na waliolipwa mshahara ili wakataze walikaa ofisini wakigonga mihuri. Mwaka huohuo wafanyakazi wakapunguzwa. Wa kwanza kupunguzwa walikuwa wazibuaji wa mitaro, kana kwamba mvua nayo imepunguzwa.

Kiangazi cha mwaka 1993 ndama watano wa Soila walikunywa mtoni, na kabla ya wiki kwisha wote walikuwa wamekufa. Soila alikuja kwenye jiwe, lakini safari hii hakuketi.

"Pakine," alisema, "maji yenu yanang'aa kama mgongo wa mjusi."

"Keti kwanza, Pakine. Tutazungumza."

"Siwezi kuketi nikala mapeasi mahali ambapo ng'ombe wangu hawawezi kunywa. Siku watakapokunywa, nitakuja."

Alivuka daraja bila kugeuka. Familia yake ikahamia mbali, nyanda za ndani za Handeni, mwendo wa siku mbili kwa miguu.

Stefania alikwenda kwa bwana afya, akaambiwa aandike barua. Aliandika. Aliporudi kuuliza, akaambiwa aandike nyingine, maana ya kwanza haikuwa na nakala. Ndipo alipokwenda mwenyewe gereji ya Fransisko, kijana wa Mpale, fundi hodari ambaye basi lililoshindikana kwingine lilipelekwa kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo oili unaimwaga wapi?"

"Mtaroni, mama. Kwani mtaro ni wa nini?"

"Na mtaro unakwenda wapi?"

Fransisko aliwatazama mafundi wenzake, akacheka. "Unakwenda huko chini, unaishia ardhini. Jamani, mama huyu bado anadhani ameajiriwa!"

Wote walicheka. Stefania hakukasirika kwa kicheko. Alipigwa na butwaa. Kumbe hawajui! Mitaro ya Korogwe hupita chini ya barabara, chini ya maduka, chini ya reli, na katika mji mzima aliyeijua njia yake yote alikuwa yeye, kwa kuwa aliitembea kwa magoti. Elimu hiyo ofisi iliipunguza kazini pamoja na mwenyewe, na hakuna aliyeuliza imekwenda wapi.

Basi akaamua kuiandika pale kila mtu atakapoiona. Aliwakusanya akina mama wanane wa jumuiya yake, akapata kibali cha mtendaji, na mafundi wa kanisa wakampa kopo la rangi nyekundu ya kuzuia kutu iliyobaki walipopaka paa. Jumamosi moja ya Februari 1995, kabla ya masika, walipita kwenye midomo yote ishirini na saba ya mitaro. Kila penye mdomo walichora samaki na mshale, na chini yake wakaandika MAJI HAYA YANAKWENDA MTONI. Stefania alichora wa mwisho mwenyewe, mbele ya kibanda cha mama lishe mmoja aitwaye Chausiku, akaenda nyumbani kunawa.

Hata rangi haijamtoka mikononi, alisikia kelele. Alipotoka, alimkuta Chausiku mlangoni, mabati manne kichwani, masufuria yametundikwa mabegani.

"Stefania, umeniua! Ningekupa hata wali wa bure, kwa nini hukunong'oneza?"

"Nimefanya nini?"

"Bomoabomoa! Umenichorea nyekundu, halafu unauliza umefanya nini!"

Wiki mbili kabla yake watu wa barabara walikuwa wamepita wakichora alama nyekundu kwenye nyumba za kubomolewa, na tangu hapo Korogwe nzima iliiogopa rangi hiyo kuliko ndui. Hakuna aliyesoma maneno, wala aliyemtazama samaki. Waliona wekundu, wakakimbilia misumari. Hadi saa nane vibanda kumi na kimoja vilikuwa vimeng'olewa na wenyewe. Alasiri watu waliojua ukweli walikuwa wamechukia zaidi ya wale wasioujua, na kabla ya jua kuzama kila samaki alikuwa amesuguliwa kwa mchanga hadi akafutika.

"Wewe mama na mto wako!" Fransisko alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara. "Kaolewe na mto!"

Stefania alirudi kwenye jiwe Alhamisi iliyofuata akiwa hana hata hamu ya kutazama ng'ambo. Siku hiyo njia ilileta mtu. Alikuwa Naitoi, mke wa mtoto wa Soila, aliyekuja gulioni kuuza mizizi ya dawa.

"Takwenya, mama."

"Iko, binti yangu," Stefania aliitikia salamu ya Kimasai. "Hajambo?"

"Hajambo. Miguu inamsumbua. Ananiuliza kila nikirudi kama ng'ombe wanakunywa. Nimwambie nini?"

Stefania alimsimulia yote, samaki, mabati, masufuria ya Chausiku. Naitoi alijaribu kujizuia kwa heshima, akashindwa, akacheka hadi shanga zikagongana.

"Mama, mnachora samaki, na samaki hana mwenyewe. Nani ataogopa kumkosea? Sisi kitu chetu tunakipiga chapa. Mwizi anaweza kuwa mjinga kabisa, lakini akiona chapa anajua ng'ombe huyu kuna mtu atakuja kumwulizia."

"Chapa yenu ikoje?"

Naitoi alichora mchangani kwa kidole cha mguu. Upinde, na mistari miwili chini yake. Stefania aliitazama kwa muda mrefu. Aliiona miaka kumi na mitano kwenye mapaja ya ng'ombe wa rafiki yake, na hakuwahi kuigusa.

"Niombee nitumie hiyo," alisema.

"Mimi siwezi kuitoa. Ina wenyewe."

"Ndiyo maana nakwambia uniombee."

Wiki mbili baadaye jibu lilikuja kwa mdomo wa Naitoi. Soila na mwanawe walikubali, kwa sharti moja. "Amesema, chora. Lakini ukichora chapa yetu juu ya maji, ng'ombe wetu mmoja atakuja kuyakagua. Akiyakataa, utaifuta kwa mkono wako."

Safari hii Stefania alitumia chokaa nyeupe. Wale akina mama wanane walikuwa wamebaki watatu. Wengine waume zao waliwakataza. Alichora chapa mwenyewe katika midomo yote ishirini na saba, akiinama, mkono ukizoea upinde na mistari yake, kama mtu anayeandika jina moja tena na tena kwa kuogopa kulisahau. Naye Naitoi, kila siku ya gulio, alipitia vibandani na gerejini, akasimama kando ya alama, akawaambia watu kwa upole, "Hii ni yetu. Ng'ombe wetu watakuja kunywa hapo chini." Hakuwa na haja ya kutishia. Mnadani wote walikwisha kuona Wamasai wanavyofuatilia chapa yao.

Fransisko ndiye aliyekuwa wa kwanza kuhangaika. Alimfuata Stefania jikoni kwake, kofia mkononi.

"Mama, yule mama wa Kimasai anasema ng'ombe wao watakunywa maji ya mtaro wangu. Mtaro wangu unafikaje mtoni? Kuna reli katikati!"

"Mvua ikinyesha, njoo na magunzi matatu ya mahindi."

Mvua ya kwanza ya masika ilinyesha asubuhi. Fransisko alikuja na magunzi yake. Stefania akayapaka ile rangi nyekundu iliyobaki, wakayatupa katika mdomo wa mtaro mbele ya gereji. Kisha wakaanza kutembea katika mvua, yeye mbele, fundi nyuma.

"Sasa yako chini ya duka la nguo," Stefania alisema, akielekeza kwa kidole. "Hapa maji yanapinda kushoto. Sasa yanapita chini ya reli, bomba la saruji, limepasuka upande mmoja tangu mwaka 1984."

"Mama, unaona kupitia ardhini?"

"Nimepita humo kwa magoti, mwanangu."

Walifika ukingoni. Walisimama kidogo. Gunzi la kwanza likatoka, jekundu, likizunguka katika utando mweusi wa oili, likapita mbele ya jiwe la Stefania, likachukuliwa na mto. La pili likafuata. Fransisko hakungoja la tatu. Alivua kofia ingawa mvua ilikuwa ikimpiga kichwani.

"Mwanangu wa kwanza anaogeshwa maji haya," alisema. "Nyumba yangu iko bondeni."

Jioni hiyo alichimba shimo nyuma ya gereji, akazika pipa, na tangu siku hiyo oili yake iliingia humo, ikachukuliwa na wapaka mbao za dari dhidi ya mchwa. Mafundi wengine walimcheka kwa wiki moja. Naye aliwapeleka mmoja mmoja na magunzi. Chausiku akaacha kumwaga mtaroni maji ya mafuta ya kukaangia, akaitunza alama iliyo mbele yake kwa kuipaka chokaa upya kila ilipofifia, na ole wake mteja aliyetema mate juu yake. Hawakuwa wote. Gereji mbili ziliendelea kumwaga, na bwana afya hakuja kuzitazama hata siku moja. Inatia aibu kwamba maji ya mji mzima yalindwe na kibarua aliyefukuzwa, mfugaji asiyeishi mjini na kopo la chokaa, wakati ofisi iliyo na sheria kabatini imenyamaza. Aibu hiyo imebaki pale pale ofisini.

Julai maji yalipotulia, Naitoi alikuja na ng'ombe mmoja mzee, mweupe, pembe moja imevunjika, na upinde na mistari miwili kwenye paja lake. Alikuwa amezoea kunywa hapo tangu akiwa ndama. Stefania alisimama kando ya jiwe, kikapu mkononi, akitazama ng'ambo nyuma ya ng'ombe, mbali, kadiri macho yalivyoweza kufika. Hapakuwa na mtu mwingine njiani.

Ng'ombe akashuka. Akanusa maji. Akainua kichwa, pua ikidondosha matone. Kisha ng'ombe akainama tena, akanywa taratibu, kwa muda mrefu, masikio yakichezacheza.

"Miguu ya mama mkwe imekataa kabisa," Naitoi alisema kwa sauti ya chini. "Alijaribu. Tulifika kisima cha kwanza, akaketi. Amesema ng'ombe akinywa, nikuite kwa niaba yake." Aligeuza uso kwa haya, kwa kuwa jina lile halikuwa lake. "Pakine."

Stefania aliitika. Aliitika kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliyesimama hatua mbili kutoka kwake, uso wake ukiwa umeelekea ng'ambo. Kisha akamkabidhi Naitoi mapeasi yote, akayafunga vizuri katika kitenge ili yasipondeke kwa mwendo wa siku mbili.

Alipopita mbele ya kibanda, Chausiku aliona kikapu kitupu, akaacha mwiko ndani ya chungu.

"Amekuja?"

"Ng'ombe wake amekunywa," Stefania alisema. "Alhamisi ijayo nitashuka mapema zaidi."