Kibali Kiliombwa Lini?

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka viganja hunitoka jasho. Nitakusimulia, ingawa sijazeeka kiasi cha kukaa mbele yako nikatoa nasaha. Nywele zangu bado nyeusi, na wapo wakubwa wangu ambao wangekuambia vizuri zaidi. Hata maneno haya nimeyafuta na kuyaandika upya mara kadhaa, maana ndivyo nilivyo: jambo lisiponyooka, silali. Lakini wewe juzi umechaguliwa kuwasemea wenzako, na shimo huonyeshwa na aliyewahi kutumbukia.

Siku hiyo nilikuwa bungeni Dodoma, mbunge mgeni kutoka Mtwara. Nyumba yangu iko Ufukoni, mjini Mtwara, ila nimezaliwa Mbambakofi, kijiji kilicho karibu na mlango wa mto Ruvuma, mahali ambapo mto na bahari hugombania ardhi. Kati yetu na njia iendayo zahanati unapita mkono wa maji wenye mikoko pande zote mbili. Maji yakipwa, unavuka kwa miguu, tope likikufika magotini. Maji yakijaa, hakuna njia. Mwaka uliotangulia, wifi yangu Mwanahawa alishikwa na uchungu maji yakiwa yamejaa. Wakamlaza ukingoni wakisubiri yapungue. Yalipungua kwa wakati wake. Mtoto hakusubiri. Alizaliwa kimya, akazikwa kimya.

Sasa Mwanahawa alikuwa na mimba nyingine.

Kaka yangu alinipigia simu kabla sijaondoka. "Dada, sisi hatuombi lami. Tunaomba kivuko cha mbao, apite mtu, ipite machela. Basi."

Ombi dogo namna hiyo, mwanangu, na mimi nikalifanya kubwa. Nikuambie kwa nini. Shule niliacha darasa la saba. Kidato cha nne nilikifanya ukubwani kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikijifundisha mwenyewe huku nauza vitumbua stendi. Kwa hiyo niliingia Bungeni na hofu moja tu: kwamba siku moja nitakosea neno, na watu watasema, "Si mnaona? Darasa la saba." Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, na mimi methali hiyo niliishika hadi yenyewe ikanishika kooni.

Utaratibu wa maswali bungeni ni huu. Swali la msingi hupelekwa mapema, wizara inaandaa jibu, na siku ikifika Naibu Waziri anasimama kulisoma. Baada ya hapo mbunge anaruhusiwa maswali mawili ya nyongeza, papo hapo, kutokana na jibu alilolisikia. Hayo mawili ndiyo yaliyonitoa jasho. Nikafanya ujanja: niliyaandika kabla, nikayasahihisha, nikayakariri mbele ya kioo hadi mkono ukajua pa kuinuka. Yaani nilijitungia mwenyewe jibu la Serikali kichwani, kisha nikaandaa maswali ya jibu hilo. Akili nyingi huondoa maarifa.

Naibu Waziri alisimama. Alisema Serikali inatambua umuhimu wa kivuko cha Mbambakofi, lakini eneo lile lina mikoko inayolindwa kwa sheria, hivyo idara ya barabara za vijijini inasubiri kibali cha wizara inayosimamia misitu.

Haya ninakuambia leo kwa sababu niliambiwa baadaye. Siku ile sikuyasikia. Niliona midomo yake ikicheza, huku mimi ndani nikirudia mistari yangu kama mtoto anayetumwa dukani. Kisha nikasimama.

"Mheshimiwa Spika, je, Serikali haioni kwamba wananchi wa Mbambakofi nao wana haki ya miundombinu bora kama Watanzania wengine? Na je, Naibu Waziri yuko tayari kuongozana nami akajionee?"

Wenzangu wakapiga meza. Naibu Waziri akatabasamu. Serikali inaona, akasema, na yeye yuko tayari. Nikaketi nikiwa mwepesi. Sikukosea hata herufi moja. Nilifurahi, mwanangu, na furaha hiyo ndiyo inayonitia haya kuliko yote.

Mwisho wa juma nikashuka nyumbani Mbambakofi nikitarajia vigelegele. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Somoe, somo yangu, aliyenifunda unyagoni. Ni Mmakua, na sisi Wamakonde ni watani wake, kwa hiyo hana deni la maneno matamu kwangu. Alikuwa barazani na wanawake wenzake wakimenya mihogo. Mwanahawa alikuwa kati yao, kisu mkononi.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, Mheshimiwa." Neno lenyewe alilitamka kama mtu anayetema kokwa. "Keti. Redio tuliifungua sote hapa. Sauti yako nzuri, hatukunyimi. Sasa tuambie, yule bwana alisema anasubiri nini?"

"Alisema... Serikali inatambua umuhimu."

Wanawake wakacheka, lakini si kicheko cha kunikaribisha.

"Inatambua!" Bi Somoe akasema. "Hata mamba wa Ruvuma anatambua umuhimu wa Mwanahawa. Alisema anasubiri kibali cha mikoko. Hapa barazani sote tukaiuliza redio: mliomba lini? Redio haina masikio. Tukaambiana, tulieni, mle ndani tuna mtu wetu, atauliza. Ukasimama. Ukatusomea shairi."

Nikainamisha uso.

"Na ninyi Wamakonde mnachonga vinyago vyenye masikio makubwa, kumbe yenu yote mmeyaacha kwenye mpingo!"

Walicheka tena, hata mimi nikajaribu kucheka. Kisha Bi Somoe aliweka kisu chini, na utani ukakoma.

"Nilipokuweka ndani, nilikufundisha nini kwanza, kuimba au kuitikia?"

"Kuitikia, somo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mwari asiyesikia wimbo hawezi kuuitikia."

"Basi kumbe unajua. Ulikuwa unaogopa kuchekwa na watu wa huko. Sisi je, hukuogopa tutalia?"

Nilipoaga, Mwanahawa aliinuka. Alinisindikiza hadi kwenye uzio. Nikamwambia aje akae kwangu Ufukoni mpaka ajifungue.

"Na watoto hawa wawili wa nyumbani, na shamba, nimwachie nani?" akasema. "Na Fatu jirani yangu naye ana mimba. Utatuchukua wote, wifi? Huyu atakuja korosho zikianza kudondoka. Wewe niambie tu, mbao zitakuwepo?"

Nimezoea kutosema kisichonyooka. Nikasema, "Sijui. Nitauliza."

Mwanangu, swali lililojibiwa bungeni haliulizwi tena kesho yake. Maji yakimwagika hayazoleki. Ila Bunge la bajeti lina mlango mwingine. Wabunge wanapopitisha fungu la mshahara wa waziri, yeyote asiyeridhika anaweza kutangaza kwamba anashika shilingi, yaani anazuia shilingi moja ya mshahara ule hadi waziri atoe maelezo. Shilingi yenyewe hainunui hata pipi, lakini waziri hapendi ishikwe. Na anayeishika husimama peke yake, Bunge zima likimtazama, hana karatasi inayoweza kumsaidia, kwa sababu hajui atajibiwa nini.

Siku ya fungu la wizara ile, Bunge likikaa kama kamati chini ya Mwenyekiti, nilisimama mikono mitupu. Nikaegemea meza.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nashika shilingi. Tuliambiwa kivuko cha Mbambakofi kinasubiri kibali cha mikoko. Kibali hicho kiliombwa lini?"

Waziri aligeuka kuwatazama maofisa wake. Kikaratasi kikapita mkono kwa mkono. Alikisoma, kisha akasema kwa upole kwamba mchakato wa kuomba kibali unaendelea vizuri na mbunge asiwe na wasiwasi.

"Mheshimiwa, umesikia," Mwenyekiti akaniambia. "Waziri amekuahidi. Rudisha shilingi."

Nilitamani kuketi. Sauti ya zamani ikaniambia: umeshasema vizuri, usije ukaharibu. Lakini safari hii nilikuwa nimesikia kila neno, na neno moja lilikuwa limenikwama sikioni.

"Mwenyekiti, samahani, ameahidi nini? Amesema mchakato wa kuomba. Kwa hiyo... kwa hiyo hakijaombwa?"

Ulimi ulijikwaa, kigugumizi kikasikika nchi nzima. Mtu mmoja nyuma yangu akaguna. Waziri alikitazama tena kile kikaratasi, kana kwamba kingemwonea huruma.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema mwishowe, "ni kweli, bado hakijaombwa."

Meza zikapigwa. Waziri wa misitu alikuwa mle mle, nikamwomba aseme: kikiombwa, atakikalia? Akasema maombi yakija yamekamilika, yeye hana sababu ya kuyakalia. Nikarudisha shilingi. Nilipoketi, nguo yangu ilikuwa imenigandia mgongoni.

Maombi yaliandikwa baada ya hapo. Usidhani yalikwenda yenyewe. Kila nilipokuwa Mtwara mjini nilipita ofisini kuuliza, na nilijifunza kutoondoka na "inashughulikiwa" bila kujua ni nani anaishughulikia na iko mezani kwa nani. Kibali kilitoka. Mbao zikaja, wanaume wa kijiji wakajitolea nguvu, nguzo zikasimama kwenye tope.

Korosho zikaanza kudondoka, na kivuko kilikuwa bado hakijaisha.

Nilikuwa kijijini Mwanahawa aliposhikwa. Maji yalikuwa yamejaa, yamefunika mizizi ya mikoko yote. Mbao zilifika ng'ambo, lakini vishikio vya pembeni havijafungwa. Fundi akatuzuia.

"Mama, bado hatujaweka pa kushika."

"Pa kushika si hawa?" Mwanahawa akasema, akanikamata mkono, na kaka yangu akamkamata upande wa pili.

Machela aliikataa, alisema akilala atayaona maji. Tulipofika katikati uchungu ukambana, akasimama. Mbao zikayumba. Chini yetu maji mekundu ya mto yalipita kwa kasi, na mimi, kwa hofu, nikaanza kummwagia maneno yote ya kutia moyo niliyokuwa nimejiandalia njiani.

"Wifi," akasema, meno yameumana. "Nyamaza. Nisikilize mimi. Nikisema twende, twende."

Nikanyamaza. Nikasikiliza pumzi zake, ndefu, fupi, ndefu. Sijawahi kumsikiliza mtu namna ile.

"Twende."

Tukaenda. Alijifungua mtoto wa kike zahanati, na mtoto yule alilia hadi wauguzi wakacheka.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, wala si ndefu. Jiandae, ndiyo, maana kuuliza si ujinga na kujiandaa si dhambi. Lakini ukishasimama mbele ya mwenye madaraka, liache ulilokariri, usikie analosema. Ndani ya jibu lake ndimo linamotoka swali lako linalofuata. Ukiogopa kukosea kuliko unavyowaogopea waliokutuma, utasema vizuri na hutasema kitu. Kigugumizi kimoja chenye maana kimetufaa kuliko ufasaha wangu wote. Na wakikwambia "inaendelea", uliza imeanza lini.

Mimi bado naogopa. Hata leo nikisimama magoti hayatulii, nawe yakikutikisika usidhani umekosea njia. Mungu akupe masikio kabla hajakupa sauti. Akuvushe salama, wewe na wote watakaoshika mkono wako, maji yakiwa yamejaa.