Fuvu la Mbwa Ghalani

Binti yangu alikuwa kidato cha tatu aliposoma kwamba zamani mno, kule Amerika, waliishi mbwa waliovunja mifupa kama fisi. Ukoo mzima wa mbwa, wengine wakubwa kama simba, na wote wametoweka. Alinieleza tukichuma majani chai shambani kwetu Kibugu: paji lililotuna, taya nene, magego ya kupasua fupa la paja. Nilisimama na kikapu mgongoni, nikasahau kuchuma. Hata leo nikiwawaza wanyama hao mwili hunisisimka.

Kwa mashindano ya sayansi shuleni alichora fuvu lao kwa ukubwa wake halisi, ili alionyeshe kando ya fuvu la mbwa wa siku hizi. Akamfukua mbwa wetu aliyekufa zamani, akasafisha fuvu, akalining'iniza ghalani likauke. Hakuniambia.

Nilipoingia kuchukua mahindi nikaona meno juu ya kichwa changu. Kwetu mtu hahitaji kuelezwa maana yake: umetegewa uchawi. Nikamwita jirani yangu, mzee wa kanisa. Tukakemea pepo kwa sauti, tukalichoma kwa matawi makavu ya chai. Bado najuta kwamba sikumwuliza mtu wa nyumbani kabla ya kuwasha kiberiti.

Jioni binti alisimama mlangoni. "Baba, fuvu langu liko wapi?"

"Lako?"

"La mbwa wetu. Mashindano ni Ijumaa."

Aliokota majivuni magego mawili yaliyopasuka, akayafunga kwenye leso bila kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kesho yake nilipita nyumba kwa nyumba nikiomba kichwa cha mbwa aliyezikwa. Mama mmoja alinifungia mlango. Mwingine aliuliza kama nimeacha chai nikaanza uganga. Mwishowe nikarudi kwa mzee wa kanisa, nikamweleza yote, hadi zile taya.

"Mbwa alipasua fupa la paja?"

"La mnyama mkubwa kuliko ng'ombe wako."

"Na sisi tumetoa pepo kwa yule mbwa wenu mwizi wa mayai!" Alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akaniletea jembe, akanionyesha alikomzika mbwa wake nyuma ya zizi. "Chimba wewe. Mimi nimeshaomba vya kutosha."

Ijumaa mzee alivaa koti la Jumapili, tukaenda pamoja shuleni. Binti aliliweka fuvu kando ya mchoro, watu wakasogea.

"Huyo wangu alikuwa mbwa mkali," mzee alininong'oneza. "Mbona sasa anaonekana kama paka?"