Kufuli Mbili za Kisima cha Mdogo Wangu

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, tulimwita Fuko. Akiingia shimoni Jumatatu, humwoni mpaka Ijumaa. Kisima kimoja alikichimba kirefu hata akarudi na salamu za watu wa upande wa pili wa dunia. Nami nikazijibu, adabu ni adabu.

Kisima cha kwanza mtaani alimchimbia mkewe, pima nane za mikono yake mirefu. Fundi cherehani akaona wivu, akataka kumi na mbili. Muuza nyama akataka ishirini, tena na pampu. Kila mmoja akafunga kifuniko kwa kufuli, maana maji ni yake.

Basi ndoo ya mdogo wangu ikaanza kupanda na tope. Akasema anaibiwa, akaongeza kufuli ya pili. Tope likazidi. Mwishowe akamwambia mumewe kisima kikikauka, yeye anarudi kwao. Kwao ndiko kwangu: chumba kimoja, kitanda kimoja, na mdogo wangu akikoroma bati hutikisika. Ikawa shauri langu.

Asubuhi nikamtaka shemeji ateremshe kisimani kamba yake ya mafundo, ile ya kupimia. Mafundo matatu yakalowa. Mimi nikaenda kumsifia muuza nyama pampu yake, naye, kwa kupenda sifa, akaiwasha akajaza kila pipa alilokuwa nalo. Adhuhuri shemeji akateremsha kamba tena. Fundo moja.

Nikawaita wote. "Mwizi nimempata, ni pampu. Kapita chini ya kufuli, na aliyemfungulia mlango ni Fuko."

"Mchimba kisima huingia mwenyewe, mume wangu," mdogo wangu akasema.

Muuza nyama akacheka, akasema mwenye kisima kifupi ashukuru hata tope.

"Cheka tu," shemeji akamwambia. "Jumatatu naanza cha mfyatua matofali. Pima thelathini."

Muuza nyama akaacha kucheka, akauliza tufanyeje.

Mfyatua matofali hakuchimbiwa. Pampu ikapewa siku mbili kwa wiki, na mafundo yaliyolowa yakiwa chini ya matatu, haiwashwi. Fuko siku hizi huchimba mitaro, inayopeleka maji ya mvua kutoka mapaani hadi kwenye shimo la kokoto, ardhi nayo inywe. Hulalamika kwamba mtaro unamwacha mgongo juani.

Mdogo wangu hakuhama. Kufuli zake mbili ziko kwenye sanduku la swichi ya pampu, funguo kazifunga pindoni mwa nguo. Na muuza nyama, aliyemzidi miaka kumi, humwamkia shikamoo.