Pumzi ya Mizizi ya Karanga

Siku moja ya mvua kule kijijini kwetu Mute naikumbuka mpaka leo, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya kilimo, kichwa kimenijaa. Senyora Inês, bibi mtaalamu aliyeletwa kutoka kusini, alituwekea hadubini tukaona bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya karanga. Udongoni ni vijiti vyembamba. Ndani ya kinundu, penye oksijeni kidogo, wanavimba na kuviringana, na hapo ndipo wanapoigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Oksijeni ikizidi, kazi inasimama. Hilo nililishika. Mengine aliyasema mimi nikiwa nafunga daftari.

Mvua kubwa ikashuka. Mama akachukua jembe akazibue mfereji, maji yatoke shambani. Alikuwa amepanda mbegu yake yote ya karanga, nyumbani hakubakiza hata kibaba. Nikamzuia.

"Yaache maji, Mama. Yanafukuza hewa, na bakteria hawaitaki."

"Una hakika, baba?"

"Nimewaona kwa macho yangu."

Akaweka jembe chini. Alikuwa akijivunia kusoma kwangu, basi akanitii. Hilo ndilo linaloniuma.

Haikupita muda majani yakawa manjano. Senyora Inês akaja, akang'oa mche, akapasua kinundu kwa ukucha. Kinundu kizima huwa chekundu ndani; hiki kilikuwa kijani, kimelegea, kinanuka. Akanitazamisha kwenye hadubini: wale bakteria wa duara walikuwa wamesinyaa na kumeguka.

"Nilisema hewa kidogo," akaniambia. "Sikusema wanyimwe kabisa. Nao wanapumua. Ule wekundu ndio unaowapelekea hewa kwa kipimo."

Mama alisikia yote. Hakunigombeza. Mwaka ule tulikula mhogo bila karanga, na msimu wa kupanda ulipofika alikwenda kumwuliza jirani. Mimi hakuniuliza tena.

Nimechoka, mwanangu, sina nguvu ya maneno mengi. Ninyi siku hizi mnasoma mistari miwili kwenye simu, kisha mnakuja kutuamrisha. Ukifundishwa, kaa mpaka mwalimu amalize. Na anayekupenda akikuuliza kama una hakika, usikimbilie kujibu, maana atakuamini. Mwenyezi Mungu akujaalie subira ya kusikiliza, na akuepushe na kimya kama kile cha mama yangu.